Kitulo: nyasi zinazonywesha Usangu

Ukipanda kutoka Chimala kwenda Matamba kwa ile barabara ya kona 57, unafika juu Kitulo, kusini magharibi mwa Tanzania, na kukuta uwanda wazi wa nyasi, mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Wengi huuona mtupu. Si mtupu hata kidogo.

Udongo wa huku umetokana na majivu ya volkano. Mvua ya Novemba hadi Aprili huzama chini ya nyasi, hutoka polepole mabondeni, kisha hushuka bonde la Usangu kwenye mashamba ya mpunga na kuingia Ruaha Mkuu, mto unaojaza mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Nyasi zikifyekwa na kulimwa viazi mviringo kwa matuta yanayofuata mteremko, maji hukimbia juu juu na kubeba udongo. Matuta yakate mteremko, na kingo za vijito zibaki na nyasi zake.

Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa 2005, na kati ya aina 350 hivi za mimea yake, 45 ni okidi za ardhini, maua yanayoota udongoni, si juu ya miti. Hapo ndipo penye kidonda: chikanda, chakula cha Zambia kinachopikwa kwa viazi vya okidi hizo.

Fikiria okidi moja iliyochimbuliwa. Chini kuna viazi viwili. Kimoja kimesinyaa na kinabonyea ukikifinya. Hicho kimelisha ua la mwaka huu. Cha pili kigumu, kimejaa. Hicho ni akiba ya mwakani. Mchimbaji huchukua kigumu, hukifukia kilichosinyaa, akiamini ameacha mbegu. Hajaacha kitu, mmea umekwisha. Nazo mbegu zenyewe ni laini kama vumbi, hazina chakula ndani, huota tu zikikutana na kuvu wake udongoni, na ua la kwanza huchukua miaka.

Mzigo wa viazi hivyo huvuka mpaka wa Tunduma kwenda Zambia. Huko viazi hukaushwa, hutwangwa, unga wake ukachanganywa na karanga zilizosagwa, pilipili, chumvi na magadi, ukapikwa hadi ugande, ukatwe vipande kama soseji. Ni chakula kizuri, cha heshima, na wanaokila hawana kosa. Ila gunia moja ni maelfu ya mimea, na ndani ya hifadhi kuchimba hata mmoja ni marufuku.

Ukija kutazama maua, njoo kati ya Desemba na Machi, na buti na sweta. Tembea kwenye njia: viazi vya okidi viko karibu sana na uso wa ardhi.