Kanuni ya pendulamu hukosea kiasi gani hapa Kayabwe?

Watu huuliza kama nadharia ya sayansi ni ya kweli au la. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: inakosea wapi, na kwa kiasi gani? Jibu laweza kupimwa hapa Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta katika barabara ya Kampala kwenda Masaka, kwa uzi wa kuvulia samaki na nati nzito ya chuma inayobembea mwishoni mwake: hiyo ndiyo pendulamu.

Kanuni yasema muda wa kwenda na kurudi ni 2π√(L/g), ambapo L ni urefu wa uzi na g ni ukali wa mvutano wa Dunia. Kwa uzi wa mita 1 na g ya 9.81 iliyozoeleka vitabuni, unapata sekunde 2.006. Lakini kwenye ikweta g ni takriban 9.78, na muda huwa 2.009. Kidole kinachobonyeza saa hakiwezi kunasa tofauti ndogo hivyo. Hesabu mibembeo 200, nayo itafika sekunde 0.6.

Usifunge uzi kwenye msumari, maana utajizungusha na urefu utabadilika. Ubane kati ya vipande viwili vya mbao. Pima ukiwa umeshaninginiza nati, kwa sababu uzi hurefuka, na upime hadi katikati ya nati. Kosa la milimita 3 tu lafuta tofauti yote unayoitafuta.

Halafu kuna pembe, yaani jinsi uzi unavyovutwa mbali na wima kabla ya kuachiliwa. Kanuni imechukulia kwamba pembe ni ndogo mno, kwa hiyo si sahihi kabisa kwa pendulamu yoyote inayobembea. Ila upungufu wake una kipimo: ukianzia pembe ya nyuzi (digrii) 30, muda huongezeka kwa asilimia 1.7, zaidi ya mara kumi ya athari ya ikweta. Anzia nyuzi 5, na ongezeko halifiki asilimia 0.05. Kanuni inayojua mipaka yake namna hii naiheshimu sana.

Mwaka 1672 mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer aliipeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika Kusini, karibu na ikweta. Ikawa inachelewa dakika mbili na nusu kwa siku, akalazimika kuifupisha pendulamu kwa karibu milimita 3. Ingekuwa rahisi kuilaumu saa. Newton aliziona milimita hizo kama ushahidi kwamba Dunia imebonyea kwenye ncha zake na kutuna huku kwetu.