Simu Inayolia Baada ya Magharibi

Jana usiku, nikiwa jikoni nakuna nazi ya kutia kwenye mbaazi, simu yangu ilitetemeka juu ya sinia la bati hata kijiko kilichokuwa kando yake kikaanza kugongagonga. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Mikono yangu ilikuwa imejaa machicha, kwa hiyo binti yangu, ambaye yuko Gredi ya Nne, akaiinua na kunisomea ujumbe kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea: "Mama, ni bosi. Anauliza kama entri ya mteja wa Kampala imepita." Hakuniuliza kama nitajibu. Alisimama pale akangoja nimwambie la kuandika, akaandika, "Imepita, bosi, imebaki kulipwa," kisha akarudi mkekani kumalizia hesabu zake. Nilipokwisha kujilaza ndipo nilipotambua kwamba mtoto wa miaka kumi amenifanyia kazi ya ofisi, na kwamba si mimi wala yeye aliyeona ajabu.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha, mwendo mfupi kutoka Barabara ya Moi, hapa Mombasa. Kazi yetu ni kupitisha mizigo inayoshuka Kilindini: tunapokea hati za shehena kutoka kwa mteja, tunaandaa tamko la forodha, ambalo sote ofisini twaliita entri, tunaliingiza katika mfumo wa mamlaka ya mapato, kisha tunafuatilia ushuru, ukaguzi na idhini ya kulitoa kontena bandarini kabla siku za bure hazijaisha. Siku hizo zikipita, ada ya hifadhi huanza kuhesabiwa, na kampuni ya meli nayo hudai dimareji, yaani ada ya kucheleweshewa kontena lake. Nakubali basi, tangu mwanzo, kwamba katika kazi hii saa moja huweza kumgharimu mteja fedha nyingi, na kwamba meli haijui Ijumaa wala Idi. Sitaki kuandika kama mtu asiyejua mji huu unakula nini.

Lakini bandari ilikuwapo kabla ya simu ya mkononi, na usiku ulikuwa na mwenyewe. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa kuhesabu shehena gatini. Alipokuwa zamu ya usiku, nyumba nzima Majengo ilijua: mama alimfungia mkate na samaki, sisi watoto tuliambiwa tusipige kelele mchana kwa sababu baba amelala, na mwisho wa mwezi marupurupu ya usiku yalionekana katika karatasi yake ya mshahara, mstari wa peke yake. Alipokuwa zamu ya mchana, jioni ilikuwa yake. Alioga, akavaa kikoi, akaenda msikitini, akarudi kukaa barazani na wenzake, na hapakuwa na njia yoyote ya kazi kumfuata pale isipokuwa mtu atumwe kwa miguu kutoka Kilindini. Sidhani kuna mtu aliyetumwa hata mara moja. Kati ya usiku wa kazi na usiku wa nyumbani palikuwa pamepigwa mstari, na mstari wenyewe ulikuwa na bei.

Kilichoufuta mstari huo kwetu si siku moja wala uamuzi wa mtu mmoja. Ofisi ilifungua kundi la WhatsApp ili tujulishane meli iliyoingia na hati zilizokosekana, na kwa kweli lilitusaidia, kwa sababu kabla ya hapo mtu alipoteza nusu siku akipanda na kushuka ngazi za ofisi za watu kutafuta jibu la neno moja. Kundi lililofunguliwa kwa ajili ya mchana likaanza kupokea maswali ya jioni, kisha ya usiku, kisha ya Jumapili. Alama mbili za buluu, ambazo WhatsApp ilizileta mwaka wa 2014, zilimaliza udhuru wa mwisho, maana anayeuliza anajua kwamba umesoma. Alama hizo zinaweza kuzimwa, na mimi nilizizima kwa wiki mbili, lakini mwenzangu mmoja aliniuliza mbele ya watu ninaficha nini, nikazirudisha. Hapo niliona kwamba jambo hili halikai ndani ya simu. Gmail imekuwa na kitufe cha kupanga ujumbe uondoke saa uitakayo tangu mwaka wa 2019; meneja anayekumbuka jambo saa nne ya usiku anaweza kuliandika palepale ili asilisahau, na likanifikia saa mbili asubuhi. Chombo kipo. Kinachokosekana ni sababu ya kumfanya akitumie, kwa kuwa kunitumia ujumbe usiku hakumgharimu hata senti.

Nimeisoma Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, ambayo ilipitishwa mwaka uleule M-Pesa ilipoanza, wakati simu kwa wengi wetu ilikuwa ya kupiga na kupokea. Kifungu cha 27 kinamtaka mwajiri apange saa za kazi na kumpa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Amri ya jumla ya kudhibiti mishahara nayo inaweka kikomo cha saa 52 kwa wiki ya siku sita, na inasema saa za ziada zilipwe mara moja na nusu ya saa ya kawaida, na mara mbili ikiwa ni siku ya mapumziko au sikukuu ya umma. Maneno hayo ni mazuri na yangali na nguvu. Tatizo ni kwamba aliyeyaandika alikuwa akimfikiria mtu aliyebaki kiwandani mlango umefungwa, mtu ambaye bawabu alimwona akitoka. Mimi bawabu wangu ni binti yangu, na hana kitabu cha kuandika.

Wapo wanaosema kwamba hakuna haja ya sheria mpya kwa mambo ya adabu. Siwaafiki, na sababu yangu naipata hapahapa mjini. Tarehe 13 Januari 1947 makuli wa bandari na wafanyakazi wa reli waliacha kazi Mombasa, wakafuatwa na wengine mpaka waliogoma wakafika takriban 15,000, wakawa wanakutana katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia, aliyekuja kuongoza shirikisho lao, alikamatwa mwaka huohuo na kupelekwa Kabarnet. Babu yangu mzaa baba alikuwa kibarua siku hizo, mtu wa kuajiriwa asubuhi na kuachwa jioni, asiyejua kama kesho atachaguliwa. Marupurupu ya usiku yaliyomfikia baba yangu baadaye hayakuletwa na adabu ya mtu. Watu waliyadai, yakaandikwa, na kilichoandikwa ndicho kilicholipwa.

Najua pia kwa nini sisi wa ofisi za forodha tumenyamaza kwa muda mrefu. Mwaka wa 2019, serikali ilipoagiza makontena yapelekwe bara kwa reli mpya, kazi ya kupitisha mizigo ilihama mji, na watu waliandamana hapa kila Jumatatu wakilia kuhusu madereva, wapakiaji na makarani walioachishwa kazi. Katika ofisi yetu tulibaki watano kati ya kumi na mmoja. Tarehe 13 Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli hiyo inarudi Mombasa, na sisi tulishangilia, nami nilishangilia kwa moyo wangu wote. Lakini mtu aliyeona kazi ikimtoka kisha ikarudi haombi mengi. Mzee mmoja wa ofisini, ambaye namheshimu kama baba, aliniambia nilipoanza kulalamikia ujumbe wa usiku, "Mwanangu, mchagua jembe si mkulima." Nilikaa kimya kwa heshima yake. Hata hivyo neno lile halikunitoka, kwa sababu sikuwa nachagua jembe. Nilikuwa nauliza kama shamba la usiku nalo ni langu kulima bure.

Kuna Jumapili moja ambayo naikumbuka mara kwa mara. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na kwingineko katika ukanda huu. Nyaya hizo zote mbili zinapanda nchi kavu hapa kwetu Mombasa, moja tangu mwaka wa 2009 na nyingine tangu 2010, lakini siku ile kuwa nazo mlangoni hakukutusaidia. Ujumbe ulikuwa unazunguka bila kwenda. Alasiri nilikuwa kwa mama Majengo, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilisikiliza hadithi yake kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuinamia kiganja changu. Jumatatu tulikwenda ofisini tukiwa na hofu ya yaliyotupita. Maswali ya Jumapili yalimiminika yote kwa pamoja, yakajibiwa kabla ya chai ya saa nne, na hakuna hata kontena moja lililopata madhara kwa sababu swali lake lilingoja usiku mmoja.

Nchi nyingine zimekwisha kulishika jambo hili. Ufaransa ilianza tarehe 1 Januari 2017 kuzitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kujitenga na simu na barua za kazi. Ureno ilifuata mwaka wa 2021 kwa kumwelekezea mwajiri mwenyewe wajibu wa kutomsumbua mtu aliyepumzika. Australia, kuanzia tarehe 26 Agosti 2024, inamruhusu mfanyakazi kutosoma wala kutojibu ujumbe wa baada ya kazi, isipokuwa kukataa kwake kuwe si kwa haki, na katika kupima haki hiyo huangaliwa sababu ya kumtafuta, cheo chake, na kama analipwa kwa ajili ya kupatikana. Kwetu, Seneta Samson Cherargei wa Nandi alileta mswada wa mwaka wa 2022 wa kurekebisha Sheria ya Ajira, ukimtaka mwajiri mwenye zaidi ya watu kumi akubaliane nao kuhusu kutafutana baada ya saa za kazi. Shirikisho la waajiri liliupinga. Miaka imepita na simu yangu ingali inatetemeka juu ya sinia.

Katika hizo zote, ya Australia ndiyo ninayoiona inaufaa mji wa bandari. Sitaki sheria inayonikataza kupokea simu usiku, maana zipo usiku ambazo meli imefika mapema, hati ina kosa, na mteja atapata hasara ya kweli nisipoinuka. Ninachotaka ni kwamba usiku huo uitwe kazi: uwe na zamu, uwe na jina la mtu, na uwe na malipo. Naamini siku ile ujumbe wa saa tatu utakapoanza kuwa na bei, mwingi utangoja asubuhi bila mtu kukatazwa chochote.

Mwezi uliopita niliamua kuhesabu. Nilichukua daftari la hesabu la binti yangu lililobaki kurasa, nikaandika kwa wiki moja kila ujumbe na kila simu ya kazi nje ya saa zangu: saa ulipoingia, saa nilipoweka simu chini, na ulihusu nini. Sikuhesabu muda wa kungoja, ingawa kungoja ndiko kunakochosha zaidi, kwa kuwa mtu hulala sikio likiwa macho. Nilihesabu tu dakika ambazo simu ilikuwa mkononi. Mkataba wangu ni saa 45, kwa Jumamosi ya nusu siku. Daftari lilitoa saa tisa na dakika ishirini juu yake, na katika hizo saa moja na robo zilikuwa za Jumapili. Yaani hata nikiiacha Jumapili kando, nilivuka kikomo cha saa 52 kwa saa moja na dakika tano, na hiyo haikuwa wiki mbaya.

Leo asubuhi, baada ya kuuwaza usiku wa jana, nililipeleka daftari kwa meneja. Si mtu mbaya. Yeye mwenyewe hupigiwa simu na wateja saa tano za usiku na hana wa kumlalamikia. Alilifungua, akapita na kidole mstari kwa mstari, akasimama kwenye ujumbe wake wa saa nne na nusu ulioniuliza ufunguo wa kabati uko wapi. "Huu nao niliutuma mimi?" aliuliza. Nikamwambia ndiyo. Akalifunga, akaniomba nimwachie mpaka alasiri.

Saa kumi alinirudishia daftari pamoja na karatasi ya zamu aliyoipiga chapa mwenyewe. Ina majina matatu, langu likiwa Jumanne na Alhamisi, na chini yake ameandika kwamba asiye zamu asiulizwe kitu baada ya saa kumi na moja jioni. Safu ya malipo ameiacha tupu. Nimeandika humo kwa penseli "mara moja na nusu", na karibu na Jumapili "mara mbili", nikaiweka tena mezani kwake kabla ya kwenda kupanda matatu. Leo ni Jumatano, na usiku huu si zamu yangu.