Bomba la usiku na jani la isale

Mume wangu ni Mholanzi, injinia wa maji. Alikuja Moshi mwaka 1984 kwa mkataba wa miaka miwili. Tulifunga ndoa 1987, na bado yupo. Wanaoniuliza nimewezaje kuishi naye hudhani nitataja chakula au lugha. Kiswahili alikishika mapema, na mtori anaula kunizidi. Kilichonitoa jasho ni maji.

Kwao kazi ya injinia wa maji ni kuyafukuza. Karibu robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari, pampu zikigoma watu wanaogelea sebuleni. Kwetu Kibosho, mlimani Kilimanjaro, maji hubembelezwa. Yanateremka kutoka msituni kwa mfongo, yaani mfereji wa jadi, na kila mfongo una mzee wake na zamu zake.

Tunaishi kwenye kihamba, shamba la ukoo, alichonigawia baba, nusu eka. Baba zangu wadogo walinuna, maana kihamba huenda kwa watoto wa kiume, lakini baba alizaa mabinti watupu. Kisheria mgeni hapati ardhi nchini ila kwa uwekezaji, kwa hiyo mwenye shamba ni mimi, yeye ni mkwe. Hata uraia: mwanamke mgeni akiolewa na Mtanzania, Sheria ya Uraia ya 1995 inamfungulia mlango wa kuomba kwa ndoa. Mwanaume haimfungulii. Mpaka leo tunahangaika na kibali.

Sasa, kiangazi cha 1996 migomba ilianza kukunja majani. Mume wangu, Baba Aika, akatoka usiku na tochi, ndoo ya lita 20 na saa ya mkononi. Akarudi anacheka: ndoo inajaa kwa sekunde 25, tangi letu la lita 5,000 litajaa chini ya saa mbili, na usiku hakuna mwenye zamu. "Yanapotea bure, Mama Aika." Nilikuwa na usingizi, sikumbishia, naye akalaza bomba kutoka mfongoni hadi kwenye tangi. Kosa langu. Maji ya usiku hayapotei; huko chini yanakusanywa kwenye bwawa, asubuhi linafunguliwa kwa wenye zamu.

Siku ya tatu tulikuta bomba limezibwa kwa kipande cha mgomba na udongo, limeshindiliwa kweli kweli. Jumapili kanisani hakuna aliyetusalimia.

Yeye alitaka kuitisha kikao awaonyeshe hesabu. Nikamwambia karatasi zako ziache mezani. Kwanza nilikwenda peke yangu kwa mke wa mzee wa mfongo, na sukari kilo mbili, nikakaa jikoni kwake nikimenya ndizi hadi aliponiambia mwenyewe mzee amekasirikia nini hasa. Halikuwa lile tangi. Ni kwamba mkwe alipita mlangoni kwake na bomba begani, asibishe hodi.

Jumamosi tukaenda wote, na debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, na jani la isale. Kwa Wachagga ukiombwa radhi kwa isale, kukataa ni vigumu mno. Mume wangu alilishika kama maua ya harusi, ikabidi nimshushe mkono.

"Shikamoo, meku," mume wangu akamwamkia mzee.

"Marahaba. Mkwe, bomba lako liliomba ruhusa kwa nani?"

Nikaona anavuta pumzi aanze kueleza sekunde 25. Nikamkanyaga mguu. Akanyamaza, akatoa jani. Mzee aliliangalia muda mrefu kuliko nilivyopenda, halafu akalipokea.

Adhabu ikawa Jumamosi tatu za kuzibua mfongo na wenzake, kwa chepe. Hiyo ya pili alirudi na matope hadi masikioni, amechangamka, ananiambia kwao Uholanzi kuna mabaraza ya maji tangu karne ya 13, wakulima wakisimamia mitaro yao na kutozana faini. "Ni kitu kile kile!" Miaka tisa ya ndoa nilikuwa sijawahi kusikia. Tulipewa zamu, Jumanne alfajiri hadi saa tatu, na bado ni yetu.

Isale aliipanda getini mwaka ule ule. Mwezi uliopita tulirushiana maneno kuhusu paneli za sola anazotaka kuweka juu ya paa la jiko langu. Asubuhi nikakuta jani juu ya mfuniko wa sufuria ya uji, kalifunga fundo, vibaya kama kawaida yake. Niliacha uji uchemke kwanza.