Nimeituma fomu ya PIP ya kijana wangu

Ile fomu ya rivyu ya PIP, yaani ya kukagua upya pesa za ulemavu, inauliza kitu kimoja ukurasa baada ya ukurasa: kuna kilichobadilika, na kama kipo kilibadilika lini, na sasa hivi mnafanyaje. Kwa kijana wangu jibu la kilichobadilika ni hakuna, hakuna, hakuna, karibu fomu nzima. Ana usonji, ana ulemavu wa kujifunza, na kifafa kilimwanza akiwa na miaka 11. Sa hivi ana miaka 24. Ndevu anazo, urefu kanipita zamani, tukitembea mjini Reading, huku Uingereza tunakoishi, watu wanaona mwanamume na mama yake basi. Namwita Baba kwa sababu amebeba jina la marehemu baba yangu, na dada yake naye kazoea hivyo hivyo, Baba. Sasa fikiria unaketi unaiandikia serikali kwamba Baba hawezi kuoga mpaka mtu awe nje ya mlango.

Kwa wale mlioko nyumbani mnaosoma hapa, PIP ni pesa za ulemavu za huku Uingereza, zilianza 2013 kuchukua nafasi ya DLA, ile posho ya ulemavu ya zamani, kwa watu wazima ambao hawajafika umri wa pensheni. Mtoto mlemavu anakuwa kwenye DLA mpaka akifika 16, hapo anaambiwa aombe PIP kama mtu mzima, na kama hawezi kujisimamia mzazi anaomba kuwa mwakilishi wake. Mimi ndo mwakilishi wake tangu wakati huo. Barua zote zinakuja kwa jina langu, sahihi ni yangu, nikiandika uongo kesi ni yangu. Ukishapewa ndo haijaisha, inakuja rivyu, una mwezi mmoja wa kuijaza na kuirudisha, na ukihitaji muda zaidi upige simu uombe mapema.

Kilichonichosha si Kiingereza, Kiingereza nimeshaishi nacho. Ni kwamba tangu mtoto huyu azaliwe kazi yangu imekuwa kuwaambia watu anachoweza. Mwalimu akisema hawezi, mi namwambia mpe muda. Shangazi zake wakipiga simu kutoka Mombasa nawaambia jana kakunja nguo zake mwenyewe, alhamdulillahi, na ni kweli kazikunja. Halafu inakuja karatasi inayotaka yale mengine, yale ambayo sijawahi kuyasema kwa sauti hata kwa mama yangu mzazi, na inayataka yote, kwa mpangilio, na mifano.

Mambo yenyewe ni kumi ya maisha ya nyumbani na mawili ya kutembea na kusafiri. Kupika, kula, dawa, kuoga, choo, kuvaa, kuongea, kusoma, kukaa na watu, pesa. Halafu kwenda mahali na kutembea kwenyewe. Kila moja lina pointi zake, zinajumlishwa za nyumbani peke yake na za safari peke yake, ukifikisha 8 unapata kiwango cha kawaida na ukifikisha 12 unapata cha juu. Lakini kitu ambacho kila mzazi anatakiwa akijue kabla hajashika kalamu, na mi nataka nikirudie hapa maana wengi wetu hatuambiwi, ni kwamba swali si anaweza au hawezi. Sheria inasema mtu anahesabiwa anaweza pale tu anapofanya hilo jambo kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kila mara linapohitajika, na bila kuchukua zaidi ya mara mbili ya muda ambao mtu asiye na hali hiyo angechukua. Yote manne. Na iwe hivyo zaidi ya nusu ya siku zote. Kwa hiyo ukiulizwa anaweza kuvaa na wewe ukajibu ndiyo kwa sababu mkono anaingiza kwenye shati, umejibu swali ambalo hukuulizwa. Baba anavaa. Anavaa jaketi la baridi mwezi wa saba na sandali mwezi wa kwanza, na nguo ya jana juu ya ya juzi, mpaka niwe nimemwekea kitandani kwa mpangilio, na nimwambie sasa hii, sasa hii. Huko kuambiwa ndo jibu. Kukumbushwa, kuhimizwa, kuelezwa, yote yanahesabiwa kuwa ni msaada.

Nlimwomba dada yake akae nami jikoni tuifanye pamoja, yeye yuko chuo, alikuja wikiendi. Nlimtaka kwa sababu anaona nyumba yetu kwa macho ambayo hayajazoea. Tukafika kuoga, nikaanza kumsimulia kwamba nesi wa kifafa alitushauri shawa badala ya kujaza beseni, mlango usifungwe kwa ufunguo, na ndo tunavyofanya. Akaniangalia akasema, mama, na ile kuongea je? Nikamuuliza kuongea gani. Akasema kila Baba akiwa bafuni wewe unakunja nguo pale koridoni unamwongelesha, unamuuliza kala nini kule senta anakokwenda mchana, nani alikuwepo, hata kama ushamuuliza, na akinyamaza kidogo unafungua mlango.

Ni kweli. Naongea ili anijibu, akijibu najua yuko sawa. Akichelewa kujibu nishaingia. Miaka yote hii sikuwahi kuona kwamba ile ni kazi, niliona ni mazungumzo tu na mwanangu, na kwa kweli ni mazungumzo pia, wallahi napenda kuyasikia majibu yake. Lakini kwenye ile fomu hiyo inaitwa usimamizi, mtu kuwepo muda wote kwa ajili ya usalama wake, na ina pointi 2. Tukaandika. Baada ya hapo tukaanza kuuona msaada wa aina hiyo kila mahali. Mbona visu viko kabati la juu. Mbona mimi siendi kutupa takataka akiwa anakula. Mbona simu yake ina ile ramani inayonionyesha alipo. Mbona nalala mlango wazi. Msaada ukikaa sana ndani ya nyumba hauonekani tena, na mtu wa kuamua atakuja kusoma karatasi tu, hakai kwako.

Kwenye kupika nliandika kwa kirefu sana, nikaongeza na karatasi nyingine, nikaandika jina lake na namba yake ya bima ya taifa juu kabisa ili isipotee. Kifafa chake hakiji kila siku, kuna wakati inapita wiki nzima salama, na hapo ndo wazazi wengi wa watoto wenye kifafa wanajikwaa, wanaona basi hatufikishi nusu ya siku zote, wanaacha. Machi 2017 majaji watatu wa baraza la juu la rufaa waliliamua hili, walikuwa na kesi mbili za watu wenye kifafa na moja ya mtu kiziwi, wakasema usalama haupimwi kwa kuuliza kama madhara yana uwezekano zaidi ya nusu, unaangaliwa ukubwa wa madhara yenyewe pamoja na uwezekano wa kutokea. Yaani kama mtu anaweza kuanguka juu ya sufuria ya mafuta ya moto bila onyo, hatari ipo kila siku anapokaribia jiko, hata siku ambayo hakuanguka. Niliposoma hilo mara ya kwanza nlilia. Kuna mtu alikaa akaliwaza jiko langu. Kwa hiyo nikaandika: kila siku, siyo siku za kifafa tu, hasogei jikoni peke yake.

Pesa nlipita haraka, anatoa noti ya pauni 20 kununua krispi na anaondoka bila chenji, hiyo haihitaji maelezo mengi.

Safari ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu anapenda basi kuliko kitu chochote. Basi la 17, lile la zambarau, vituo vyake vyote anavijua kwa mpangilio, atakutajia kwenda na kurudi. Mtu akimsikia atasema huyu si anaenda popote. Lakini barabara ikifungwa basi likakata kona ambayo siyo yake, anaganda, anapiga kichwa kwenye kioo, na kama hakuna mtu wake pembeni hajui kushuka wala kuuliza. Tena yeye anasalimia kila mtu, anakumbatia asiyemjua, atampa kadi yake ya benki yeyote atakayemwomba kwa upole. Kwa hiyo hata njia anayoijua haendi bila mtu, na huko ndiko kuna pointi 12. Kuliandika hilo kuhusu mtu anayelipenda basi vile, kwa kweli nliweka kalamu chini nikaenda kumwangalia amelala.

Jamani, mabenefiti kwetu tunayasema kwa kunong'ona. Nawajua wazazi wenzangu waswahili hapa hapa Uingereza ambao watoto wao wana haki na hawajaomba, mmoja aliniambia hataki mwanawe aandikwe kwenye kitabu cha walemavu, mwingine anasema ataombewa atakuwa sawa. Mi sigombani na dua, mi mwenyewe naomba kila swala. Ila mtoto ashakuwa mtu mzima, anahitaji kula na kuvaa na mtu wa kumshika mkono, na mzazi huwezi kumshika mkono na ukafanya kazi mchana kutwa kwa wakati mmoja. Mwaka wa fedha wa 2025/26 kiwango cha juu kilikuwa pauni 110.40 kwa wiki kwa maisha ya nyumbani na 77.05 kwa safari. Na posho ya mlezi, ambayo mwaka huo ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki, inasimama juu ya ile PIP ya nyumbani, PIP ikianguka na posho inaanguka. Ndo maana ile bahasha ya kahawia ikidondoka mlangoni moyo unashtuka kabla hata hujaifungua. Na mwaka 2025 wenyewe ulitutesa, Machi serikali ilitoa pendekezo kwamba bila kupata angalau pointi 4 kwenye jambo moja hupati ya nyumbani, tukakaa miezi hatulali vizuri, Julai wakaliondoa wakasema wasubiri mapitio ya waziri Stephen Timms. Wenye pointi mbili mbili nyingi ndo wangeumia, na watu wa aina hiyo nawajua, ni wale ambao msaada wao wote ni wa kukumbushwa.

Nlichoambatanisha: barua ya kliniki ya kifafa, barua ya senta anakokwenda mchana, orodha ya dawa kutoka kwa daktari, na shajara ya wiki mbili ambayo niliandika kila usiku saa ngapi nimefanya nini. Hiyo shajara ndo ilinisaidia kuliko vyote, maana ukiulizwa tu hivi hivi unasema ah tunaendelea vizuri, ni tabia yetu, mtu hata akiwa na homa akiulizwa hali anasema nzuri. Nikapiga kopi ya kila karatasi laibrari, na posta nikaomba cheti cha kutuma, kile wanatoa bure. Na kama majibu yakija vibaya najua njia, mwezi mmoja kuomba waangalie upya, halafu rufaa kwenye baraza, ambako kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya kesi za PIP zinazosikilizwa mwombaji anashinda. Natumai tusifike huko.

Ukurasa wa mwisho unaachiwa nafasi ya kuongeza chochote. Nlitamani kuandika habari zake pale, lakini si mahali pake, pale nikamalizia mambo ya usingizi na dawa. Naziandika hapa basi. Kijana wangu akisikia mtu anakohoa chumba cha pili anamletea maji. Anajua siku za kuzaliwa za ukoo mzima, wa Mombasa na wa huku, na asubuhi ya siku hiyo ananiamsha nipige simu. Anakunja nguo, pembe kwa pembe, kuliko mimi. Ijumaa anavaa kanzu anasimama mbele ya kioo anajiambia mashallah, na ni mashallah kweli, na akicheka anacheka mwili mzima mpaka na wewe uliyekuwa umenuna unacheka. Hajawahi kumsema mtu vibaya. Haya yote ni kweli na yale niliyoandika kule ni kweli.

Kopi moja nimempa dada yake. Alikuwa ashaondoka na begi lake, akarudi mlangoni akaniuliza, mama, hili la uwakilishi siku moja si litakuja kwangu, linabadilishwaje? Nikamwambia tutapiga simu tuulize vizuri, ninachojua ni kwamba mtu wa idara ya mabenefiti anazungumza kwanza na yule anayetaka kuchukua, aone kama anamjua mwenyewe na anaelewa majukumu. Akasema yeye kumjua anamjua. Tumekubaliana akimaliza mitihani mwezi wa sita tukae chini, na Baba awepo, tuipitie ile kopi ukurasa kwa ukurasa, safari hii yeye ndo aandike pembeni anavyofanya yeye anapobaki nae.