Pingi Ilijibu, Simu Hazikulia

Alhamisi, baada ya isha. Joto la kaskazi halijashuka. Niko Tudor, ndani ya kijichumba cha zahanati ninayoitunzia simu, na feni za seva zinanivumia masikioni.

Jumatatu alfajiri mama wa mapokezi alinipigia kwa simu yake ya mkononi. "Mwanangu, tangu saa nane za usiku hapa hapajalia simu hata moja. Ni salama kweli?"

Nikafungua kompyuta, nikaona kijani kitupu, alama ya kwamba kila kitu ni kizima. Seva inajibu pingi, ule ujumbe mfupi wa kuuliza kama mashine iko hai, bila kuchelewa. Kumbe Asterisk, programu inayounganisha simu zote za zahanati, ilikuwa imeganda. Pingi hujibiwa na kiini cha mfumo, wala haiifikii programu ya simu. Ni kama kubisha hodi ukaitikiwa na mtoto barazani, kumbe mwenye nyumba amezirai ndani.

Mama wa mapokezi akaniambia kuna bwana alikuja na tuktuk kutoka Mishomoroni, mkewe ana uchungu. Alikuwa amepiga mara nne njiani. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi, lakini zile simu nne hazijanitoka kichwani.

Sasa nimeacha kutegemea pingi. Kila sekunde 10 naipelekea Asterisk ujumbe wa OPTIONS wa SIP, lugha ya simu za mtandaoni, kupitia poti 5060 (mlango wake wa mawasiliano), swali ambalo programu yenyewe ndiyo hulijibu. Ikinyamaza mara tatu mfululizo, programu iitwayo keepalived inaihamishia seva ya akiba ile anwani ya IP, namba ya seva kwenye mtandao, ambayo simu zote zinaijua.

Leo nimejaribu. Nimeisimamisha Asterisk kwa makusudi, na baada ya nusu dakika hivi anwani imehama. Nikafurahi, nikapiga namba ya mapokezi. Kimya.

Nimekaa na hilo karibu saa nzima. Simu za mezani hujisajili kwa seva, ndipo seva ijue ya kuzipata wapi. Nilikuwa nimeziwekea muda wa sekunde 3600. Seva ya akiba imeamka na anwani sahihi, lakini daftari lake ni tupu: haijui simu ya mapokezi iko wapi, na simu nayo haina haraka ya kujisajili upya kabla ya saa yake kwisha. Nimeshusha muda huo hadi sekunde 60, nikazima tena, nikangoja, nikapiga.

"Zahanati, karibu."

"Ni mimi, mama."

Nikamweleza waziwazi kwamba mazungumzo yatakayokuwa yanaendelea wakati wa kuhama yatakatika; hilo sijaliweza.

"Atakayekatikiwa atapiga tena, mwanangu. Maadamu safari hii atapokelewa."

Nilipoinama kufunga kabati nikafuata nyaya za umeme kwa kidole. Seva zote mbili zimechomekwa kwenye UPS moja, kile kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika. Kesho asubuhi, kabla ya wagonjwa kuanza kuja, naleta ya pili.