Mzee wa Bao Aliyenikatia Mlima Meru

Kabla sijaitwa kiongozi wa mradi nilikuwa fundi wa pedi za gemu. Kibanda cha gemu kilikuwa Kaloleni, Arusha, televisheni mbili, mechi moja shilingi mia mbili. Kazi yangu ilikuwa kupokea hela na kufungua pedi zilizokufa kitufe cha shuti. Kila wiki ni hicho hicho. Cha pasi hakifi, vijana wa Chuga, yaani Arusha, hatupigi pasi.

Ndiyo maana nikisoma habari za Gunpei Yokoi, mbunifu wa gemu wa Kijapani, najiona. Aliingia Nintendo mwaka 1965, enzi hizo kampuni ya karata, akiwa fundi wa kutunza mashine za kiwandani. Akajichongea mkono wa kuchezea, wa kukunjua na kukunja. Bosi wake, Hiroshi Yamauchi, akauona, na mwaka 1966 ukaingia sokoni kwa jina la Ultra Hand. Yokoi akahamishiwa kwenye kubuni. Mwaka 1989 timu yake ikatoa Game Boy, mashine ya gemu ya kushika mkononi: kioo hakina rangi, betri nne. Wapinzani wakaja na rangi, na betri sita zinazoisha baada ya saa chache. Yeye alipenda teknolojia iliyozoeleka na kushuka bei, kisha anaitafutia kazi mpya.

Hayo yote niliyajua, na bado nikachemka.

Tunatengeneza bao la kwenye simu. Tuko wanne, chumba kimoja Sakina, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kuiandikia kompyuta sheria za bao si lelemama: mashimo 32, kete 64, kila mchezaji ana 22 mkononi za kutia moja moja wakati wa namua, zikiisha ndipo mnaingia mtaji. Imetula miezi. Halafu mchoraji wetu akamaliza wiki tatu akichora Mlima Meru nyuma ya ubao, mawingu yanatembea, jua linazama. Nikapitisha. Ulikuwa mzuri, sitaki kusema uongo.

Jumamosi tukaenda kijiweni kwa wazee.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Leteni hicho chombo."

Tukamwomba tuliweke kwenye simu yake, ile iliyofungwa kwa mpira wa manati. Akagusa shimo. Kete moja ikadondoka. Ikaganda. Ya pili. Huyu ni mtu anayegawa kete kumi hujapepesa jicho. Akaingoja ya tatu, kisha akamgeukia mwenzake: "Hizi kete zinapanda mlima?"

Na mlima wenyewe hakuuona. Kwenye kioo chake lile jua la kuchora lilikuwa limemeza kila kitu, hata shimo la nyumba.

Jumatatu nikamwambia mchoraji tunautoa, tunabaki na ubao wa kahawia tu. "Na wiki zangu tatu?" Nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyepitisha. Akavaa hedifoni. Wiki nzima majibu yake yakawa "ndiyo" na "hapana".

Jumamosi iliyofuata kete zilikimbia. Babu akacheza namua yote, akaingia mtaji, akaifunga simu, akairudisha mfukoni.

"Haina sauti," akasema. "Kete ikigonga mti lazima niisikie."

Mchoraji hakunitazama. Akatoa simu yake, akailaza kando ya ubao wa wazee, akabonyeza kurekodi, akawaambia waendelee kama hatupo.