Mishono yangu naiokota mtaani, Arusha hii hii

Wateja huwa wananiuliza, fundi hii mishono unaitoa wapi, Instagram? Nikiwaambia naitoa hapa hapa Chuga, yaani Arusha, kati ya Kijenge ninakokaa na mjini ninakoshonea, wengi hawaamini kabisa. Sasa nimeona niandike kwa kirefu maana naona vijana wengi, na sio mafundi cherehani tu, hata wapiga picha na wale wa grafiki, wanakaa na simu mpaka bando linakata wanatafuta wazo, wakati nje ya geti lao kuna watu wanafanya kazi za mikono za hatari tangu asubuhi.

Nianze na kina yeyo wa shanga, yaani wale kina mama wa Kimasai. Pale soko la Wamasai barabara ya Fire watalii wanapita, wananunua bangili, wanaondoka, na sisi wenyeji ndo kabisaa hatusimami. Mi nasimama. Kaa pembeni ya yeyo anayetunga shanga, usiongee sana, angalia mikono tu. Anaokota shanga bila hata kuziangalia, anahesabu kimoyomoyo huku anapiga stori na mwenzake, na hesabu haipotei. Nikamuuliza mmoja, yeyo mbona kila ukimaliza nyekundu na bluu lazima upitishe nyeupe kidogo, akaniambia bila hiyo nyeupe rangi zinamezana, macho hayajui yashike ipi. Basi aisee hilo neno limeingia moja kwa moja kwenye kazi yangu. Nikiunganisha vitenge viwili vyenye rangi nzito sasa hivi napitisha kamkanda kembamba keupe katikati, kembamba kweli, na gauni lote linaamka, mteja anajiangalia kwenye kioo anasema hapa umefanya nini fundi, ni huyo yeyo.

Na kitu kingine kinanigusa hapo. Hizo shanga za kioo kwa miaka mingi zimekuwa zikitoka mbali, nyingi Jamhuri ya Czech huko Ulaya, lakini nani akiiona ile kola ya shanga shingoni mwa mwanamke wa Kimasai anaitaja Czech? Hata kitenge ninachokata kila siku historia yake inapitia batiki ya Java na viwanda vya Uholanzi kabla hakijafika kwetu. Kwahiyo mtu akiniambia vitu vyetu vya asili vimeisha mi sikubaliani nae, maana naona kitu kinakuwa chako kwa namna ulivyokifanyia kazi, na wale kina mama wamezifanyia kazi shanga mpaka dunia nzima inajua ni zao.

Alafu kuna wachora vibao. Hawa nawapenda jamani. Saluni za Unga Limited, vibanda vya kinyozi Sakina, mabucha ya Ngaramtoni, bado utakuta herufi zilizochorwa kwa brashi zenye kivuli pembeni, kichwa cha mtu mwenye panki kali, ng'ombe amesimama kwa heshima zote. Mabango ya kuprinti yanawala taratibu, na mimi naumia, kwasababu bango la kuprinti lote linafanana ila kibao cha mkono unamjua mchoraji kwa herufi yake ya S. Ile namna wanavyoweka kivuli cha herufi nimeichukua nikawa nawekea mifuko ya mashati, kitambaa cheusi kinachungulia upande mmoja tu, chini kulia, mfuko unaonekana umenyanyuka.

Na watu wasione kibao ni kitu kidogo. Edward Saidi Tingatinga, yule ambae jina lake ndo limekuwa jina la uchoraji wenyewe, alianza kuchora pale Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 na rangi za mafuta zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi vya mraba. Alifariki 1972, yaani hakuchora hata miaka mingi, lakini mpaka leo ukipita maduka ya sanaa hapa mjini kwetu unakutana na wale ndege na twiga wake mikononi mwa wachoraji wengine. Mi naingia kuangalia. Kuna kale kahofu wenyeji tunako kwamba yale maduka ni ya wazungu, utaulizwa unataka nini, hapana, ingia, salimia vizuri, uliza mchoraji ameanza na rangi gani nyuma. Rangi ya nyuma ndo inaamua kila kitu, na kwenye nguo ni hivyo hivyo, bitana inaamua.

Sasa kuna moja watu wa Arusha wanapita mbele yake kila siku. Uwanja wetu wa mpira, Sheikh Amri Abeid, huyo aliyepewa jina alikuwa mshairi! Ndio alikuwa waziri wa sheria, na alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, lakini pia mwaka 1954 alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi ya Kiswahili, vina na mizani, yaani ile hesabu ya silabi. Na mji huo huo ndo umetoa kundi la X Plastaz waliochanganya rap na uimbaji wa Kimasai, ukatoa marapa Joh Makini na mdogo wake Nikki wa Pili, machalii wanaojali vina kuliko kitu chochote. Sijui kama kuna anaezihusisha hizo mbili, mashairi na rap, mimi nazihusisha. Shairi letu lile la kawaida mstari una mizani 16, 8 kabla ya pumziko la katikati na 8 baada, na siku moja nikiwa napanga marinda ya sketi nikaona mbona ni kitu kile kile, nikaweka marinda 8 kulia, nafasi bapa katikati mtu apumue, 8 kushoto. Ile sketi imependwa mno, na mabinti wanaoivaa nawaambia kabisa kwamba hiyo ni shairi.

Rangi zenyewe ntasema kidogo tu maana ziko wazi. Mwezi wa kumi jakaranda zikichanua barabara inakuwa zambarau chini mpaka juu, miti yenyewe asili yake Amerika Kusini. Na Mlima Meru, zaidi ya mita 4,500, asubuhi mapema kabla mawingu hayajaukalia una bluu flani ya kijivu ambayo nimeitafuta dukani kwa muda sasa na sijaipata kwenye uzi wowote.

Jumamosi hii nashuka Tengeru sokoni, soko lao ni Jumatano na Jumamosi, nataka kuangalia wamama wanavyofunga khanga kubebea watoto, lile fundo la begani. Kuna mteja wa Njiro ana mtoto mchanga na anataka gauni la kunyonyeshea ambalo halina zipu wala kifungo, na nina uhakika jibu liko kwenye lile fundo.